Betri Iliyoota Moto Jikoni

Kila siku Fancy aliporudi kutoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchota maji, na ya pili ilikuwa kumsaidia Gogo, yaani nyanya yake, kuwasha moto jikoni. Wakati huo mama yake alikuwa bado shambani akichuma chai, maana lori la kuchukua majani hufika jioni na halimngoji mtu. Baba yake, Aron, ndiye aliyekuwa wa mwisho kufika nyumbani. Mbwa walimsikia kabla ya watu, kwa sababu pikipiki yake haikuwa na mngurumo. Ilikuwa pikipiki ya stima, yaani ya umeme.

Aron aliiegesha chini ya paa la ghala, akafungua kiti, akachomoa betri na kuibeba hadi sebuleni. Betri ilikuwa nzito kama ndoo iliyojaa maji, ina mpini juu na ganda gumu la plastiki nyeusi. Aliiweka kwenye kona na kuifunika gunia. Hakuna mwendeshaji aliyethubutu kuiacha nje, kwa kuogopa wezi.

Betri hiyo haikuwa yake, na jambo hilo alilirudia mara nyingi ili watoto wasiichezee. Pikipiki alikuwa akiilipia polepole, lakini betri zote zilikuwa za kampuni. Yake ikiisha nguvu, aliipeleka kwenye kibanda cha betri katika soko la Silibwet. Dada mmoja mpole aitwaye Caren aliipokea na kumpa nyingine iliyojaa. Ile aliyoiacha ilichajiwa, na kesho yake ikaingia kwenye pikipiki ya mtu mwingine.

"Ni kama kibuyu cha maziwa lala ya mursik kwenye sherehe," Aron alimweleza Fancy siku moja. "Unakunywa, unampa jirani. Lakini kikivunjika mkononi mwako, wewe ndiye wa kuulizwa."

Kuulizwa kwenyewe hakukuwa mchezo. Sheria ya kampuni ilisema kwamba atakayeharibu betri atanyang'anywa pikipiki, hata kama amebakisha kidogo kumaliza kuilipia.

Waendeshaji wa pikipiki za petroli waliwacheka hawa wa stima. Mvua ikinyesha na umeme ukipotea, waliwaita watu wa redio. "Leteni mawe, redio imezima!" walipiga kelele wakipita. Mawe ndilo jina ambalo watu wa kule huzipa betri ndogo za redio na tochi. Aron alicheka nao, lakini Fancy, ambaye alipenda kutazama nyuso za watu kuliko kuongea, aliona kwamba kicheko cha baba yake hakikufika machoni.

Kisha ukaja msimu wa mvua nyingi. Nguzo za stima zilianguka, na kibanda cha Caren kikakaa bila umeme kutwa nzima. Siku hiyo Aron alirudi mapema, ameloa, pikipiki ikitambaa kama mgonjwa. Alisema betri ilikuwa imebaki na nguvu kidogo sana, na kwamba asubuhi huenda ingemzimia kabla ya kufika Silibwet, aisukume kwenye matope hadi juu ya kilima huku wale wa petroli wakimwangalia. Akaiweka betri kwenye kona yake, akatoka kwenda kumsaidia mama yake Fancy kubeba majani ya chai, kwa sababu lori lilikuwa limekwama na wakulima walitakiwa kulifuata mbali.

Jikoni, Gogo alikuwa akifanya kazi yake ya kila jioni. Alitoa mawe kwenye redio yake kuukuu, akayapanga kando ya mafiga ili yapate joto. Gogo hakukosa kamwe matangazo ya vifo kwa Kikipsigis. Mawe yakichoka, aliyaotesha moto, akayarudisha, na redio ikazungumza tena mpaka matangazo yaishe. Fancy alikuwa ameona hivyo tangu akiwa mtoto mdogo. Jioni hiyo pia redio ilikohoa, kisha ikaanza kusoma majina ya marehemu. Gogo akaibeba na kwenda nayo zizini kumfunga ndama.

Fancy alibaki peke yake akiutazama moto. Kama mawe madogo yanapata nguvu, aliwaza, hili jiwe kubwa je?

Akaenda sebuleni, akaikokota betri mpaka jikoni na kuiegemeza karibu na mafiga. Aliona furaha moyoni. Aliwaza vile baba yake angeamka na kukuta betri ina nguvu, apande kilima bila kusukuma. Mara akasikia mvua ikianza tena, akakumbuka kuni zilikuwa nje. Alikimbia kuzikusanya. Mbuzi naye alikuwa amekata kamba na kuingia kwenye mahindi, ikabidi amfukuze na kumfunga.

Aliporudi, harufu ya plastiki ilimpokea mlangoni.

Aliivuta betri kwa nguvu zake zote. Upande mmoja wa chini ulikuwa umelainika na kuvimba, na plastiki imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Akaupepea kwa sahani. Akaufuta masizi kwa kitambaa. Halafu akairudisha kwenye kona, ule upande mbaya akiuelekeza ukutani, akaifunika gunia. Waliporudi wakubwa, chakula kilikuwa tayari, na Fancy akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala.

Asubuhi, baba yake alipokuwa akinywa chai, Fancy alisema yeye ndiye atakayeiingiza betri kwenye pikipiki. Aron alifurahi, akasema sasa ana msaidizi. Betri ikaingia kwenye nafasi yake chini ya kiti, mpini tu ukaonekana. Ilikuwa bado na nguvu kidogo. Aron akafunga kiti, akakaa, kisha akanusa.

"Mbona kuna moshi? Hii betri ilifika jikoni?"

"Hapana, Baba," Fancy alijibu. "Ni moshi wa Gogo. Uko nyumba nzima."

Baba yake akaondoka. Kumbe stima ilikuwa imerudi, na betri ikafika Silibwet bila kuzima. Jioni alisimulia jinsi foleni ilivyokuwa ndefu, jinsi Caren alivyopokea na kutoa betri kwenye mvua bila hata kupumzika, na kwamba amepata nyingine iliyojaa kabisa. Alikuwa na furaha. Fancy alimsikiliza, na akajiambia kwamba mambo yamekwisha. Betri imeenda. Haiko kwao tena.

Lakini haikuwa imeenda mbali.

Jumamosi Aron alimpeleka Fancy Silibwet kununua sabuni na daftari. Kwanza walipita kwenye kibanda cha betri. Ndani kulikuwa na kabati kubwa la chuma lenye vyumba vidogo, na katika kila chumba betri ilikuwa inachajiwa huku taa ndogo ikiwaka. Betri zote zilifanana. Fancy alizitazama moja moja, akitafuta ule upande uliojikunja, lakini zilikuwa zimeingia kwenye vyumba vyao kwa mgongo, na hakuona kitu. Alimwuliza Caren kwa sauti ndogo inakuwaje betri ikiwa mbovu. Caren alijibu kwamba mashine inapima nguvu tu. Ganda la nje yeye hulitazama kwa macho, akipata nafasi.

Mbele yao kwenye foleni alikuwa Kepher, baba yake Dolphine. Dolphine na Fancy walikaa dawati moja shuleni. Familia hiyo ilikuwa imehamia kutoka upande wa ziwa, na Kepher aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha majani chai kabla ya kuingia kwenye boda boda. Alikuwa mtu wa mizaha. Siku hiyo alikuwa anampeleka mkewe Molly hospitali ya Longisa pamoja na mtoto wao mchanga aliyekuwa na homa. Molly alikuwa ameketi barazani akimnyonyesha.

"Baba Dolphine," Aron alimtania, "hiyo betri ni ya kubebea watu. Usiende tena kupigia muziki wa matanga."

Watu wakacheka, maana kila mtu alijua kwamba Kepher aliwahi kuunganisha betri na spika katika matanga ya binamu yake, muziki ukalia mpaka asubuhi.

"Wacha wivu, Aron," Kepher akajibu. "Wewe ukifa, nani atakuchezea? Hiyo redio ya mama yako?"

Wakacheka tena. Caren akachomoa betri, akampa. Kepher aliishika kwa mpini na kuipitisha mbele ya Fancy, na Fancy akaiona. Upande wa chini ulikuwa umevimba, na plastiki ilikuwa imejikunja vilevile. Kepher hakuona, kwa sababu alikuwa amegeuza uso akimwuliza Molly kama mtoto bado anachemka.

Fancy alifungua mdomo. Baba yake alikuwa amesimama hapo hapo, mkono wake juu ya bega lake, bado akitabasamu. Caren alikuwa tayari ananyoosha mkono kupokea betri inayofuata. Nikisema sasa, Fancy akawaza, watauliza nani aliichoma, na pikipiki ya Baba itaondoka leo. Akaufunga mdomo.

Kepher alifunga kiti. Molly akapanda akiwa amemfunga mtoto mgongoni, shuka ikakazwa vizuri. Wakaondoka kimya kimya, kama pikipiki hizo zinavyoondoka.

Habari zililetwa na Kiplimo, mwenyekiti wa chama cha waendeshaji wa pikipiki za stima. Fancy na baba yake walikuwa bado sokoni alipofika akihema. Alisema alikuwa nyuma ya Kepher kwenye barabara ya Longisa alipoona moshi mweupe ukitoka chini ya kiti. Kepher alisikia mlio chini yake, akasimama. Hakuruka. Aliishikilia pikipiki wima, moto ukimlamba paja, mpaka Molly akashuka na mtoto. Hapo akafungua kiti kuchomoa betri, maana pikipiki hiyo ndiyo iliyowalisha. Betri ikafoka kama kitu chenye hasira. Kiplimo alisema hajawahi kuona mikono ya mtu ikiwa hivyo, na hakutaka kueleza zaidi mbele ya mtoto.

Molly alikuwa mzima. Mtoto alikuwa mzima. Kepher alilazwa Longisa, na pikipiki ilibaki mifupa ya chuma kando ya barabara.

Jumatatu, Dolphine hakuja shuleni, wala Jumanne. Mwalimu alisema Dolphine yuko nyumbani akiwalea wadogo zake. Fancy alikaa peke yake kwenye dawati na hakuandika chochote kilichoeleweka. Nyumbani alikula kidogo. Mama yake alidhani ni malaria.

Huko Silibwet, kibanda kilifungwa. Watu walisema mengi. Wengine walisema hizi betri za kupokezana hazifai, kwamba ni heri petroli, kwa kuwa tangi ni lako na unajua umeweka nini. Wengine walimlaumu Caren. Lakini polepole maneno yalielekea upande mmoja, kwamba Kepher aliichokora betri. Alipigia muziki. Aliunganisha waya. Mtu wa ziwa hawezi kukosa muziki, walisema, na hakuna aliyekumbuka kwamba matanga yale yalikuwa ya mwaka uliopita na betri ile ilikuwa nyingine.

Chama chao kilikuwa na desturi. Mwendeshaji akipata ajali isiyo kosa lake, wote walichanga kumtibu na kuilisha nyumba yake. Akiwa amejitakia, aliachwa abebe mzigo wake. Mkutano wa kuamua habari ya Kepher uliwekwa Jumamosi mchana.

Asubuhi ya siku hiyo Fancy alikuwa shambani na wazazi wake wakichuma chai. Ukungu ulikuwa mzito, na majani yaliloanisha mikono. Aron alichuma kwa haraka ili awahi mkutano. Alimwambia mkewe kwamba mambo yamekwisha, na kwamba Kepher hatasaidiwa.

"Kiplimo ameniomba nitoe ushahidi," alisema. "Ule wa muziki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtania, kwa hivyo watu wataniamini. Nitasema alizoea kuchezea betri."

Fancy aliacha kuchuma.

"Baba, usiseme hivyo."

"Kwa nini?"

"Si yeye. Ni mimi."

Akasimulia yote, kuanzia mawe ya Gogo, mbuzi na mahindi, hadi ule upande uliojikunja alioelekeza ukutani. Alizungumza akiyatazama majani ya chai. Alipomaliza, hakuna aliyekuwa akichuma.

"Nilikuuliza," Aron alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nilikuuliza, Fancy. Nilinusa, nikakuuliza."

Fancy alingoja apigwe. Hakupigwa. Baba yake aliufungua mkanda wa kikapu, akakiweka chini kati ya mistari ya chai, akaketi juu ya udongo uliolowa kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

Mama yake ndiye aliyezungumza. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Aron akienda kusema haya, pikipiki itachukuliwa. Watakula nini? Chai peke yake haikutosha hata zamani. Betri imeungua, hakuna aliyeona, na Kepher hatapona haraka kwa sababu ya maneno.

"Hakuna aliyeona," mama alirudia.

"Mimi sasa nimeona," Aron akajibu. Akainuka. "Nawa mikono, Fancy. Twende."

Mkutano ulikuwa chini ya kibanda cha mabati pale steji, kituo cha boda boda. Caren naye alikuwa ameitwa. Kiplimo alipomwona Fancy, alimwambia Aron kwamba mtoto hana nafasi katika mkutano wa wazee wa steji. Aron alimwomba radhi. Akasema, msikilizeni kwanza, halafu adhabu nipeni mimi.

Fancy alisimama, akasema. Alipofika mahali pa Gogo na mawe ya redio, mtu mmoja alicheka kidogo, kisha akanyamaza, kwa sababu hakukuwa na nyumba hata moja pale ambayo haikuwahi kuotesha mawe moto. Mambo ya jikoni aliyasema yote. Lile la Jumamosi iliyopita, pale kwenye foleni, hakulisema. Akaketi.

 Wale wa petroli waliokuwa wakisikiliza kutoka ng'ambo ya barabara wakasogea karibu.

Kisha Caren akasimama. Alisema kosa si la mtoto peke yake, kwa sababu yeye mwenyewe aliipokea betri hiyo bila kuigeuza, na alimpa Kepher bila kuigeuza. Halafu akawatazama waendeshaji wote.

"Nani mwingine aliwahi kunirudishia betri iliyoanguka, au iliyoingia maji, akanyamaza?"

 Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati. Baada ya muda mrefu, kijana mmoja nyuma aliinua mkono, akasema yake ilianguka kwenye daraja na ikapasuka kidogo, akaipaka tope. Aliogopa kunyang'anywa pikipiki. Mkono mwingine ukainuka. Halafu mwingine. Mwisho Kiplimo mwenyewe, mwenyekiti, aliinua wake akiwa ameinamisha kichwa.

Waliondoka wote pamoja hadi kwenye kibanda. Caren alifungua kabati, wakatoa betri moja baada ya nyingine na kuzipindua juu ya meza. Walipata zenye nyufa. Walipata moja iliyovimba mgongoni, ambayo ilikuwa karibu kupewa mtu. Waliitazama kwa muda. Kila mmoja alifikiria mtu wake wa nyumbani akiwa amekaa juu yake.

Siku hiyo chama kiliamua kwamba Kepher hana kosa, na mchango ukaanza hapo hapo. Msimamizi wa kampuni alipokuja, waendeshaji walimwambia waziwazi kwamba sheria yake inawafundisha watu kuficha. Alibishana nao, lakini alipoonyeshwa zile betri mbovu, alikaa chini. Ikaandikwa sheria nyingine. Kila betri inayorudi itapinduliwa mezani mbele ya aliyeileta, na anayesema ina kasoro hataadhibiwa. Anayeficha ndiye atakayeadhibiwa. Kibanda kikafunguliwa tena.

Lakini sheria mpya haikurudi nyuma kumsaidia Aron. Pikipiki yake ilichukuliwa, ikawekwa juu ya gari, watoto wa jirani wakitazama. Akarudi kwenye chai, mgongoni kikapu, miguuni gambuti. Hakumlaumu Fancy kwa maneno, ingawa siku nyingi hakuongea naye sana. Gogo naye aliacha kuweka kitu chochote karibu na mafiga, na jioni nyingine redio yake ilinyamaza kabla ya matangazo kuisha.

Dolphine alirudi shuleni. Aliomba kuhamia dawati jingine, na mwalimu akamruhusu.

Siku moja Aron alimwambia Fancy avae sweta, wanaenda Longisa kumwona mgonjwa. Mama akawapa maziwa. Walimkuta Kepher ameegemezwa kitandani, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Molly alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, mtoto akiwa mgongoni mwake. Dolphine alikuwa amesimama dirishani, na alipowaona hakugeuka.

Aron alisalimia. Alisema maneno yote ambayo mtu husema, pole, na Mungu atasaidia. Kepher aliitikia. Alimwambia hana kinyongo naye, kwamba amesikia alivyosimama mbele ya watu akijua atapoteza pikipiki. Akajaribu hata kumtania, akasema sasa wote wawili wanatembea kwa miguu.

Hapo Fancy akasema, "Baba Dolphine, kuna jambo sikulisema kwenye mkutano."

Baba yake akamgeukia. Kijiko cha Molly kikasimama.

"Niliiona. Siku ile kwenye foleni. Ulipita nayo mbele yangu, nikaijua. Nikanyamaza."

Dolphine aligeuka kutoka dirishani.  Aron alifunika uso kwa kiganja. Kepher alimtazama Fancy kwa muda mrefu, na mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Sikiliza, mtoto wangu," alisema mwishowe. "Kuiweka betri kwenye moto, hiyo ni kutojua. Hata mimi nikiwa mdogo ningefanya. Huo moto wa jikoni haukunichoma. Kilichonichoma ni kule kunyamaza kwako nikiwa mbele yako."

Fancy alilia bila sauti. Kepher hakumwambia anyamaze.

"Sisi tunaopokezana hizo betri, wengi hatujuani," aliendelea. "Siwezi kuja kwenu kila asubuhi kuuliza ilikaa wapi, ilianguka wapi. Nikiipanda na mke wangu na mtoto wangu, nategemea mdomo wa yule aliyeirudisha. Akisema ina kasoro, nitakasirika, nitakosa kazi siku hiyo, na nitarudi nyumbani na mikono yangu. Kwa hivyo kitu cha watu kikikuharibikia, sema. Sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Umesema leo, na nimesikia. Lakini ona umesema ukiwa wapi."

Fancy aliona. Alizitazama zile bandeji, akajilazimisha kutogeuza macho.

Mtoto mgongoni mwa Molly alianza kulia kwa njaa. Molly alimfungua, akatafuta mahali pa kukaa, kisha akamtazama Fancy bila tabasamu na bila hasira. Akamnyooshea bakuli.

"Shika," alisema. "Mlishe. Mimi ninanyonyesha."

Fancy alipokea bakuli kwa mikono miwili. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akachota uji, akausogeza polepole.

"Uji una moto, Baba Dolphine?"

"Una moto kidogo," Kepher akajibu. "Ngoja."

Fancy akangoja.